Jenereta la Mangi

Mwanangu alikuwa haniambii kichwa kinauma. Naanza na hilo maana ndo lililonichelewesha mwaka mzima na zaidi. Ukimuuliza nini kinauma anashika tumbo, ukimuuliza tena anashika tumbo tena na kulia juu, basi na mimi nikawa mtu wa tumbo, minyoo nikatibu, choo nikapima, maziwa nikasimamisha, maharage nikasimamisha, mpaka bibi yake akanitumia dawa ya mchango kutoka Tanga, imefungwa kwenye gazeti ikaja na basi kama mzigo wa dagaa.

Mtoto mwenyewe kapewa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi namuita Baba, mama yangu anamuita mume wangu, na baba yake akitaka kumchokoza anamuita Mzee. Hapa nitamuita Babu ili msichanganyikiwe. Mambo yalianza kwenye miaka minne na miezi, saizi ana miaka minane. Tunaishi Dar.

Ilikuwa hivi. Yuko vizuri, anacheza, halafu ghafla ananuna. Hataki kuguswa. Midomo inapauka inakuwa kama kapakwa majivu, chini ya macho panaingia weusi, anajikunyata kwenye kochi anageukia ukutani. Baadae anatapika. Akishatapika analala, na usingizi wenyewe siyo wa mchana wa kawaida, analala kama kazimia, saa moja, saa mbili, halafu huyo anaamka anauliza kuna chipsi. Hana homa, haharishi, hana kitu. Nusu saa mbele yuko barabarani anakimbiza tairi na wenzie na mimi nimebaki na ndoo ya matapishi nashangaa.

Sasa hebu fikirieni ugonjwa wa namna hiyo unamfanyia nini mzazi. Unaisha wenyewe. Kwa hiyo chochote utakachompa kabla haujaisha, ndicho kilichomponya! Mara ya kwanza nilimkimbiza zahanati, wakampima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, hana, wakasema yawezekana imejificha, wakampa dawa ya mseto. Tumefika nyumbani kalala, kaamka mzima. Nikasema afadhali tuliwahi ile malaria. Mara ya pili UTI, si mnaijua UTI ya mjini, kila mtu anayo, dozi ya antibaotiki, kaamka mzima. Mara ya tatu typhoid. Mara ya nne dawa ya mchango ya mama, mama akapiga simu kuulizia na nikamwambia mama imefanya kazi kabisa, na nilikuwa sidanganyi, ndivyo nilivyoona kwa macho yangu. Ustadhi wake wa chuoni alimsomea, kapona. Jirani yangu mmoja kamfunga uzi mweusi mkononi kwa ajili ya kijicho, kapona. Yani mtoto alipona mara kumi na nne kwa dawa kumi na nne tofauti na wiki mbili mbele anaumwa tena, na bado haikuniingia akilini kwamba mtu anayepona kwa kila kitu huenda hakuna kitu hata kimoja kinachomponyesha.

Nikikumbuka zile antibaotiki alizokunywa mwaka ule tumbo linanikata mimi.

Halafu kuna hili ambalo silipendi kulisema. Alipoanza shule ya awali mambo yakazidi, na yakawa yanakuja siku za shule zaidi. Mwalimu akaniambia mama huyu mtoto anasingizia, mbona ikifika saa ya kwenda nyumbani anakuwa mzima. Na mimi nikaamini! Kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuhisi hivyo, chipsi zile anazodai akiamka zilikuwa zinanitia wasiwasi sana. Asubuhi moja kaanza kulalamika tumbo wakati nafunga viatu vyake, nikamwambia leo hunipati, nikamzaba kibao cha mgongo nikampandisha kwenye gari la shule. Dada wa kwenye gari alinipigia simu hawajafika hata shule, katapikia wenzake wawili na amelala kwenye siti hajitambui. Nilienda kumchukua kwa bodaboda. Njiani kanikumbatia kwa nyuma kaegemeza kichwa mgongoni kwangu, kaniambia taratibu, "Mama mwambie asipige honi."

Hiyo sentensi ilitakiwa inifumbue macho siku ile ile. Haikunifumbua. Nilidhani kachoka tu.

Kilichonifumbua ni Tanesco kukata umeme. Hapa mtaani kwetu ukikatika umeme, Mangi wa duka la kona anawasha jenereta lake kwa ajili ya friji za soda, lile jenereta dogo la kuvuta kamba, linanguruma duduudu-duduudu mpaka sahani zinatetemeka kabatini. Ilikuwa jioni, Babu katoka kwenye moja ya zile siku zake, kaamka yuko mlangoni na mimi nakuna nazi. Jenereta likawaka. Akaziba masikio, akasema, "Hilo ndo linaingiaga kwenye kichwa changu."

Nikaacha nazi. Nikamuuliza lini. Kasema nikiumwa. Nikamuuliza si unaumwa tumbo? Kaniangalia kama mimi ndo mtoto. Kasema tumbo linataka kutapika, kichwa kina jenereta. Wapi? Kaweka kiganja chote kwenye paji la uso, kutoka jicho mpaka jicho.

Miaka mitano na nusu, na hajawahi kulitumia neno kuuma kwa kichwa, kwa sababu kwake kuuma ni kidonda, ni kujigonga goti, ni sindano. Kile kilichokuwa kichwani hakikuwa na jina. Tumbo lilikuwa na jina.

Baada ya hapo nikaomba kuonana na daktari wa watoto kabisa, siyo zahanati. Tulikaa foleni mpaka saa saba mchana. Dokta alikuwa mama mtu mzima, mpole, na cha kwanza alichofanya hakunisikiliza mimi hata kidogo, alimpa Babu karatasi na kalamu akamwambia nichoree wewe ukiwa unaumwa. Nilikasirika kidogo nawaambia ukweli, nimekaa foleni masaa matano mtu ananipotezea muda na michoro. Babu kachora mtu kalala, kichwa kikubwa kuliko mwili, ndani ya kichwa boksi lenye kamba na moshi, dirisha kalipaka jeusi lote, na pembeni ndoo. Dokta kauliza hili boksi nini, kaambiwa jenereta la Mangi. Linafanyaje? Duduudu-duduudu. Na dirisha mbona jeusi? Taa inaumiza. Dokta akanigeukia, akaniambia, "Mama, mwenzio kashamaliza maelezo yote." Baadae ndo akanieleza kwamba kuchoresha watoto siyo mchezo, kuna madaktari wa Marekani waliwahi kulipima jambo hilo wakachapisha 2002, na michoro ya watoto ikawa inalingana sana na kile daktari alichokuja kugundua kwa kuwahoji na kuwapima.

Kipandauso. Ndo alivyosema. Nikamwambia dokta kipandauso si cha watu wazima na si kinashika nusu ya kichwa? Kasema ndivyo wengi tunavyojua, kwa mtu mzima mara nyingi kinashika upande mmoja na kinaweza kukaa kuanzia masaa manne mpaka siku tatu, lakini kwa mtoto mara nyingi kinashika mbele kote au pande zote mbili, na kinaweza kuwa kifupi, masaa mawili tu, na akilala kimekwisha. Kutapika, kuchukia mwanga, kuchukia kelele, kupauka, vyote vyake. Na wapo watoto ambao kichwa hakiumi kabisa, linauma tumbo peke yake, katikati hapa kwenye kitovu, na bado ni ndugu wa ugonjwa huo huo. Kaniuliza alipokuwa mdogo zaidi aliwahi kuwa na kizunguzungu cha ghafla? Mwili ulinisisimka jamani. Kwenye miaka mitatu Babu alikuwa na mtindo wa kukumbatia mguu wa meza ghafla, macho yamemtoka, analia nyumba inaanguka, dakika mbili tatu kaachia anaendelea kucheza. Sisi tulikuwa tunacheka. Tulikuwa na video yake kabisa.

Halafu akauliza kwenye familia nani anaumwa hivi. Nikajibu hakuna. Kwa kujiamini kabisa. Akaniambia kawaulize, mara nyingi yupo, hasa upande wa mama.

Jioni nikampigia mama, shikamoo, marhaba, nikamuuliza. Akacheka. "Mie si ndo nna kichwa cha kufunga kanga, weye hukuniona?" Nilimuona! Utoto wangu wote nimemuona, siku mbili tatu kila mwezi amejifunga kanga kichwani imekaza mpaka ngozi ya uso imevutika, kalala sakafuni chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, na sisi tunaambiwa msipige kelele mama anapumzika. Sikuwahi kujua anaumwa nikajua ndivyo mama walivyo. Na mimi mwenyewe kila nikikaribia siku zangu nameza vidonge viwili na kuvaa miwani ya jua mpaka jikoni, naita uchovu. Yani nyumba nzima ya kipandauso inamshangaa mtoto.

Turudi kwa dokta kidogo maana kuna jambo la skani. Mtaani wote walishaniambia kapige CT skani, mtoto anatapika huyo, usije ukajuta, na mimi nilikuwa nimeshakopa kwenye kikoba. Dokta akakataa. Nikamuona ananidharau, anaona sina hela. Kumbe alishakuwa anapima muda wote mimi sijui, kamtembeza kwenye mstari wa vigae kisigino kwa kidole, kamshikisha pua na kidole chake mara nyingi wanacheka, kamchungulia ndani ya macho kwa kile kitochi chao, kapima presha, kapima kichwa kwa futi ya fundi. Kasema vyote viko sawa, na siku ambazo haumwi mtoto ni mzima kabisa, CT kwa mtoto ni mionzi mingi usimpe bila sababu. Lakini akachukua daftari la kliniki, nyuma kabisa, akaandika kwa herufi kubwa mambo ya kunirudisha mbio bila kusubiri foleni: kichwa kikianza kumuamsha usiku, au kikiwa kinamsubiri kila asubuhi na kutapika, au kikizidi wiki hadi wiki, au kikizidi akikohoa au akilala chali. Akianza kupepesuka, akipata makengeza ambayo hakuwa nayo, akibadilika tabia, akipata degedege. Akianguka akajigonga halafu kikaanza. Kikija kimoja cha ghafla kama radi. Na homa na shingo ngumu, hiyo hata bodaboda usisubiri bei. Akaongeza kwamba mtoto mdogo sana, ambaye hata kueleza hawezi, asiitwe kipandauso na mtu wa nyumbani hata kama ukoo mzima unacho, huyo aonwe kwanza.

Na homa. Akisema homa na kichwa, hapo siyo habari ya jenereta tena, hapo ni kupima. Dar hii tunaijua, 2019 dengue ilituzunguka mtaa mzima, na kwenye dengue dawa kama ibuprofeni ni hatari kwa sababu ya kuvuja damu. Kwa hiyo kwetu sheria ni hiyo, kuna joto mwilini, ibuprofeni haifunguliwi mpaka kapimwa.

Hilo la dawa ndo lililoniaibisha zaidi. Nilimwambia dokta Panadol nampa na haimsaidii. Kaniuliza unampa kiasi gani, nikamwambia kijiko. Kijiko! Kijiko kile cha mililita 5 cha kwenye boksi, tangu ana mwaka mmoja kijiko, na saizi ana kilo 18 bado kijiko. Akanipigia hesabu mezani. Parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, mara 18, ni 270. Sirapu yetu ina miligramu 120 kwenye mililita 5. Yani nilikuwa nampa hata nusu haifiki. Na nampa lini? Akishaanza kulia. Na akishaanza kulia tumbo lenyewe limeshagoma, dawa inakaa pale mpaka inatoka na matapishi. Akanibadilishia tuanze na ibuprofeni, miligramu 10 kwa kilo, kwake ilikuwa mililita 9 za ile sirapu ya miligramu 100 kwa 5, na ipigwe mwanzoni kabisa, na nisirudie kabla ya masaa sita mpaka manane. Lakini msichukue mililita zangu mkampe mtoto wenu jamani, pimeni kilo, angalieni chupa yenu imeandikwaje maana zinatofautiana, na mwenye pumu au figo au vidonda vya tumbo aulize kwanza. Aspirini mtoto hapewi, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Vile vidonge vya diklofenaki tunavyouziana dukani kama karanga navyo siyo vya kumkatia nusu mtoto. Na mwisho akanitisha kwamba nikigeuza dawa kuwa ya kila siku, yenyewe itaanza kuleta kichwa, kwa hiyo nisizidishe siku mbili kwa wiki, nikiona nahitaji zaidi ya hapo nirudi kwake.

Mwanzoni kabisa, sasa mwanzo unaujuaje kwa mtoto asiyesema? Hapo ndo dokta aliponipa kazi ya daftari. Daftari la kawaida la kurasa 40, kila siku mistari miwili, kalala saa ngapi, kala nini na saa ngapi, maji, na kama imetokea, ilianzaje. Niliona ni kazi ya kizungu kweli kweli. Wiki ya kwanza nilisahau siku tatu. Lakini ikifika wiki ya tano unaanza kuona vitu vinarudia, na cha kwanza nilichokiona ni miayo. Babu kabla ya jenereta kuwaka anapiga miayo mfululizo wakati kalala vizuri, na anakuwa mkorofi, na anataka vitu vitamu. Saa moja mpaka mawili kabla. Sasa hivi akipiga miayo mitatu ya kufuatana mchana mimi nimeshasimama.

Hilo la vitamu lilinifurahisha maana watu wote walishaniambia chokoleti ndo inamuumiza, mnyime chokoleti, mnyime machungwa, mnyime karanga, angebaki anakula ugali na hewa. Daftari likaonyesha anaitaka chokoleti siku ambayo kitu kimeshaanza ndani kwa ndani, na siku nyingine amekula chokoleti ya sikukuu mpaka meno yamekuwa meusi na hakuna kilichotokea. Kwa watu wengine inaweza kuwa kweli, sibishi. Kwetu ilisingiziwa.

Kilichokuwa kweli ni maji, na hii nisingeijua bila ile chupa. Nikawa naandika anaenda na chupa ya maji na kila jioni inarudi imejaa. Nikamuuliza, kanyamaza. Nikamuuliza tena wakati wa kuoga, maana mwanangu siri zake zote anatoa akiwa na povu, kasema hanywi ili asikojoe. Choo cha shule kinanuka na kina funza na mlango haufungi, na kuna siku wakubwa walimchungulia wakamcheka. Mtoto wa miaka mitano kapanga mwenyewe kwamba kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana, kwenye joto la Dar, hatakunywa maji. Na gari linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa hiyo chai haipiti kooni, uji wa shule unatoka saa nne. Na usiku alikuwa halali mpaka baba yake arudi, saa nne saa tano, simu mkononi anaangalia katuni chini ya chandarua. Halafu asubuhi paredi juani. Hapo hata wewe uliye mzima kichwa kitakuuma, sembuse aliyerithi kanga ya bibi yake.

Kwa hiyo hatukuanza na dawa ya kila siku. Dokta aliitaja ipo, ya kupunguza isijirudie, na aliponitajia jina nikacheka kwa sauti maana ni siproheptadini, ile ile wanawake mtaani wanayoimeza waongezeke maungo! Kumbe ni dawa ya mzio yenye kazi yake ya maana, na kwa watoto wadogo madaktari wanaitumia kwa kipandauso, ila inaleta usingizi na hamu ya kula ndo hiyo watu waliyoidaka. Kasema tuiweke akiba. Akaniambia pia kwamba 2017 Marekani walichapisha majaribio ya dawa mbili za kuzuia kwa watoto wa miaka 8 mpaka 17, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu visivyo na kitu vilifanya kazi sawa na dawa, zaidi ya nusu ya watoto walipungukiwa. Mtu mwingine angesikia hapo kwamba watoto wanajifanya. Mimi nilikumbuka uzi mweusi wa jirani na dawa ya mchango, nikaona kumbe siyo mimi peke yangu niliyewahi kudanganywa na ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe.

Na hapo ndo thamani ya daftari ilipo kwangu. Bila namba ningesema hata maji na usingizi vimemponya kwa sababu aliamka mzima. Mwezi wa kwanza niliandika siku sita. Wa pili tano, nilikata tamaa kidogo. Wa tatu tatu, wa nne mbili, halafu moja, halafu mwezi mzima hakuna, halafu tatu tena za mfululizo wakati wa msiba wa shangazi ambapo watu walijaa nyumbani na hakuna aliyelala. Huenda pia amekua tu, kuna watoto kinapungua chenyewe. Hilo nalikubali. Lakini nikiangalia kurasa, siku chupa inarudi tupu na siku inarudi imejaa hazifanani.

Shule nilienda na barua ya dokta. Mwalimu yule aliyesema anasingizia aliisoma, akakaa kimya, akaniambia na yeye ana kichwa cha hivyo hivyo tangu sekondari. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba vyote kwa pamoja. Tukakubaliana Babu anywe maji darasani, aende choo cha walimu, na akisema jenereta alazwe kwenye godoro la ofisini, aangaliwe tu. Neno jenereta sasa shule nzima wanalijua. Asubuhi anakula ndizi mbivu na yai kwenye gari, utapenda usipende, dada wa gari nimempa kazi hiyo na kila mwezi namuona na kitu kidogo.

Nyumbani ikija tuna taratibu zetu na hazina uchawi. Miayo, maji, kitu cha kula hata kipande cha mkate, dawa kama ni jenereta la kweli, chumba cha nyuma, kitenge kizito dirishani, kitambaa cha baridi. Hakuna kukaanga kitunguu, hakuna udi. Ndoo karibu. Na hakuna kuuliza uliza, hili lilinishinda kuliko yote, nilikuwa nachungulia kila dakika tano bado kinauma, bado kinauma, mpaka dokta akaniambia mama ukimuuliza kila saa unamkumbusha akisikilize. Sasa nakaa mlangoni na simu yangu kimya. Dada yake alianza wivu, na yeye akapata jenereta lake siku mbili, tukamlaza gizani kama mwenzake bila katuni bila wageni, dakika kumi kapona.

Ramadhani iliyopita alitaka kufunga. Wenzake wa chuo wanafunga nusu siku na yeye hataki kuitwa kobe. Tukabishana sana na baba yake, mimi sitaki, baba yake anasema mwache ajaribu, mama yangu kwenye simu anasema mume wangu ana udhuru asifunge. Kafunga. Saa sita mchana miayo, saa saba jenereta, saa nane anatapika nyongo tupu maana tumboni hamna kitu. Ustadhi mwenyewe alikuja jioni kumuona akakaa pembeni ya godoro akamwambia mgonjwa karuhusiwa kula, na mtoto mdogo saumu haijamlazimu hata akiwa mzima. Hakulia kwa kichwa siku ile, alilia kwa kuvunja saumu.

Mwaka huu daftari anajaza mwenyewe, ameshajua kuandika, mwandiko unapanda na kushuka kama daladala kwenye matuta. Wiki iliyopita nilikuwa kazini, nimerudi nikalifungua nikakuta kaandika: jenereta dogo. nimekunywa maji. nimelala. nimekula chipsi.

Chipsi zile kakopa kwa jina langu.